Yale makaratasi ya Henoko niliyoprinti mwezi wa sita

Steshenari yangu iko Mwanjelwa hapa Mbeya, sio njia ya sokoni kabisa, unapinda kidogo. Natoa fotokopi, naprinti, nabaindi, napiga picha za pasipoti, na msimu wa maombi ya vyuo najaza fomu za watoto wa watu mpaka macho yanauma. Nayasema haya mapema ujue anayeongea hapa si mwanatheolojia, ni mtu wa printa tu ambaye pia ni mzee wa kanisa, Moravian, na ambaye mwezi wa sita alifanya uzembe mmoja mkubwa.

Ilikuwa ile baridi yetu ya asubuhi, karatasi ukiigusa unahisi kama imelowa na mashine inameza mbilimbili. Akaja dogo mmoja wa kwaya ya vijana na flashi. "Shikamoo mzee, naomba uniprintie hii, kopi nane, uzibaindi na zile spairo." Nafungua naona faili limeandikwa kwa herufi kubwa VITABU VILIVYOFICHWA, kurasa kama mia mbili, ndani kuna kitabu cha Henoko, yule wa Mwanzo 5, kuna Injili ya Tomaso, kuna habari za utoto wa Yesu, mpaka Injili ya Yuda, yule Iskariote mwenyewe. Kiswahili chake sasa, mashine imetafsiri unaona kabisa. Dogo akaniuliza, mzee hivi hii ni sawa kusoma au ni dhambi? Na mimi pale nazidisha kurasa na bei, nikamjibu bila hata kuinua kichwa, soma tu, si habari za Mungu hizo.

Nilipata hela nzuri siku ile, sitadanganya.

Wiki tatu baadaye kwaya imechafuka. Kumbe kwenye Henoko kuna sura ya malaika 200 walioshuka mlima Hermoni wakatamani binti za watu, na mmoja wao anaitwa Azazeli, huyo ndiye aliyefundisha watu kufua panga na visu na ngao, na wanawake akawafundisha bangili na kupaka wanja. Basi vijana wanne wakaamua wanja ni mafundisho ya mapepo. Wakamwambia hivyo mama mmoja wa sauti ya pili, mbele za watu, siku ya mazoezi. Yule mama kwao Tukuyu na hana masihara, akawajibu "wanja wangu nimefundishwa na bibi yangu, huyo Azazeli wenu simjui na hajawahi kufika kwetu." Akaacha kuja kwaya. Mwingine akawa anamuuliza mchungaji kwenye kipindi kwanini kanisa limewaficha waumini vitabu. Mchungaji akauliza swali moja tu, hizi kopi mmeprinti wapi?

Ndio ikabidi nikae chini nisome, jioni baada ya kufunga, jiko la mkaa pembeni. Na nikasoma na mengine yanayohusu, maana kitu kikishakuingiza kwenye aibu unakifuatilia mpaka mwisho.

Cha kwanza kilichonikera ni hilo neno "vilivyofichwa". Vilifichwa na nani, kwa nani? Kitabu cha Henoko kiko kwenye Biblia ya kanisa la Orthodox la Ethiopia, ile yenye vitabu 81, wamekisoma kwa Kige'ez, lugha yao ya zamani ya kanisa, karne na karne bila kumficha mtu. Wazungu ndio walikuwa hawana nakala nzima mpaka Mskoti mmoja, James Bruce, aliporudi na nakala kutoka huko mwaka 1773. Yaani Muhabeshi anacho mezani kwake, Mzungu hajakiona, halafu leo kijana wa Mbeya anaambiwa kwenye klipu ya YouTube kwamba kilifichwa! Sisi na Ethiopia nani jirani?

Halafu kuna ile hadithi kwamba mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 325 ndio ulikaa kuchagua vitabu na kuchoma vingine. Hapana. Nikea waligombana sana juu ya mafundisho ya kasisi Ario na kama Mwana ni Mungu kweli, suala la orodha ya vitabu halikuwa ajenda. Orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu 27 vilevile vya Agano Jipya letu ni ya barua ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, mwaka 367, na hata yeye hakuvitoa kichwani, makanisa yalikuwa yameshavisoma vingi vyake kwa miaka mingi tu. Na kusema ukweli vingine vilibishaniwa, Waebrania, Yakobo, 2 Petro, Ufunuo, si kwamba vilishuka vimebaindiwa pamoja.

Sasa dogo ana hoja yake moja nzito na sitaki kumuonea. Yuda, si Iskariote, huyu wa waraka mfupi kabla ya Ufunuo, mstari wa 14, anamtaja Henoko mtu wa saba tangu Adamu na anatoa maneno ambayo yamo kwenye kitabu kile. Kama Yuda anakiamini sisi ni nani? Mwanzoni nilijibu haraka haraka kwamba hata Paulo kule Athene alinukuu washairi wa Kiyunani (Matendo 17), na mchungaji wetu juzi alimnukuu Mwalimu Nyerere madhabahuni na hakuna aliyekuja kwangu kubaindi hotuba za Mwalimu pamoja na Warumi. Lakini nikajisikia nadanganya kidogo, maana Yuda hasemi "kama alivyosema fulani", anasema alitoa unabii. Hiyo ni zaidi ya kunukuu. Tertuliano, mwandishi wa kanisa la kale, alitumia mstari huohuo kukitetea kitabu cha Henoko, na Jerome, mwingine wa kale, anaandika kwamba kuna watu waliikataa barua ya Yuda yenyewe kwa sababu hiyo. Kwahiyo ukiona mtu anakujibu swali hili kwa sekunde mbili jua hajalisoma. Mimi nilipofikia ni hapa, Yuda ameushika mstari mmoja, na mstari mmoja kuwa kweli haibebi kitabu kizima mgongoni.

Maana kitabu kizima kina mambo. Kile cha Kihabeshi kinasema watoto wa wale malaika, yale majitu, urefu wao dhiraa 3,000. Mi nikachukua kalkuleta, dhiraa weka kama nusu mita pungufu kidogo, unapata mita 1,300 na kitu. Simama hapa mjini tazama mlima Loleza pale juu yetu. Jitu likisimama Mwanjelwa kilele cha Loleza kinalifika kifuani. Na lilikuwa linakula nini, kitabu kinasema yalimaliza mazao ya watu kisha yakaanza kula watu wenyewe, sawa, lakini lilikuwa linalala wapi? Na aliyeandika sio Henoko wa Mwanzo 5, vipande vya Kiaramu vilipatikana kwenye mapango ya Qumran karibu na Bahari ya Chumvi, na sehemu zake za zamani zaidi wataalamu wanaziweka karne ya 3 kabla ya Kristo. Ni kizee, ndiyo, ila kati yake na mtu wa saba tangu Adamu kuna maelfu ya miaka.

Hapa ndipo kazi yangu inanisaidia kuliko shule. Kila mwezi lazima aje mtu, mzee nibadilishie mwaka kwenye cheti, mzee nichapie barua ya mtendaji muhuri nitautafuta mwenyewe. Namfukuza, lakini nimeshajifunza kwamba anayeazima jina la mtu mkubwa anaazima kwa sababu jina lake mwenyewe halitafungua mlango. Na zamani walikuwa hivyohivyo. Tertuliano anasimulia habari ya kasisi mmoja wa Asia aliyetunga maandiko kwa jina la Paulo, yenye habari za Thekla binti anayehubiri na kubatiza, alipobanwa akasema nilifanya kwa kumpenda Paulo. Wakamwondoa kwenye cheo. Nilicheka peke yangu dukani, kwa kumpenda Paulo! Na hata Paulo mwenyewe akiwa hai anawaonya Wathesalonike (2 Wathesalonike 2) wasitishwe na waraka unaodai umetoka kwake. Feki sio teknolojia ya leo.

Zile habari za utoto wa Yesu sitazimaliza, zitakuharibia siku. Yesu wa miaka mitano anafinyanga shomoro 12 wa udongo siku ya sabato, anapiga makofi wanaruka, hapo mtoto atafurahi. Mbele kidogo mtoto mwenzake anamgonga bega kwa kukimbia na Yesu anamlaani anakufa palepale. Mi nina wajukuu wawili. Huyo siye ninayewafundisha kumwomba usiku. Na ile Injili ya Tomaso, yenye misemo 114 iliyopatikana Nag Hammadi Misri mwaka 1945, mingine unaona kabisa ni ndugu ya Mathayo na Luka, mfano wa haradali umo, mpanzi yumo, lakini msemo wa mwisho kabisa Petro anasema Mariamu aondoke kwetu maana wanawake hawastahili uzima na Yesu anajibu atamfanya awe mwanaume ili aingie. Wanaosema kanisa lilificha injili hizi kwa sababu zinawapendelea wanawake nadhani hawajafika ukurasa wa mwisho.

Injili ya Barnaba nayo, ile inayopendwa kwenye mihadhara viwanjani, haikuwemo kwenye faili la dogo lakini niitaje maana nimewahi kubishana na jirani yangu Mwislamu juu yake, tukacheka tu mwisho. Humo Yesu anapanda chombo anafika Nazareti. Nazareti iko milimani jamani. Ni kama useme ulipanda meli Itungi, bandari ya Ziwa Nyasa, ukashukia Uyole hapa mjini.

Kitu kingine, wife kwao ni Iringa, alilelewa Mkatoliki, na mama mkwe Biblia yake ina vitabu 73, ina Tobiti, Yudithi, Sira, Makabayo. Sisi tukisema "apokrifa" yeye anadhani tunamtukana, na ana haki. Tunatumia neno moja kwa makabati mawili tofauti. Hivyo vya kwake vilisomwa na Wakristo tangu mwanzo, mtaguso wa Wakatoliki wa Trento mwaka 1546 ulivithibitisha, na hata Luther kwenye Biblia yake ya 1534 hakuvitupa, aliviweka katikati ya maagano mawili akasema si sawa na Maandiko ila vinafaa kusomwa. Nilimsomea mama mkwe Sira likizo ya Krismasi, yale maneno juu ya rafiki, akasema hata nyie Wamoravian mngekuwa nayo mngepunguza kugombana. Kuviweka kapu moja na Injili ya Yuda ni uvivu.

Lakini kuna kimoja ambacho kweli kilipotea, na hakuna anayekiprinti. Didake, Mafundisho ya Mitume. Kinatajwa na wazee wa zamani, Athanasio kwenye barua ileile anasema si cha orodha ila kinafaa kusomewa wanaojifunza imani, kisha nakala yake ikaja kuonekana Konstantinopoli mwaka 1873. Kifupi, unakisoma kabla ugali haujaiva. Humo kuna maelekezo jinsi ya kumpokea mtume au nabii anayesafiri, akae siku moja, ikibidi mbili, akikaa tatu huyo ni nabii wa uongo. Akiondoka mpe mkate wa kumfikisha anapolala, akiomba hela ni nabii wa uongo.

Soma tena hiyo. Halafu fikiria mabango yote yaliyobandikwa kuanzia Kabwe mpaka Uyole, nabii fulani, siku saba za kufunguliwa, njoo na sadaka yako maalum. Hicho ndicho kingekuja kwa kopi nane ningebaindi bure! Lakini hakina majitu wala siri, kwahiyo hakuna klipu yake.

Kilichonigusa zaidi ni habari ya askofu mmoja wa Antiokia, Serapioni, mwaka kama 200 hivi. Kanisa moja dogo la Rosso lilikuwa linasoma Injili ya Petro, likamuuliza, naye akasema kama shida ni hiyo tu someni. Hakuwa ameisoma. Baadaye akapata nakala, akaipitia, akaandika kwamba mengi yamekaa sawa na mengine yameongezwa, na akabadilisha neno lake. Askofu mzima. Alifanya uzembe wangu uleule, tofauti yeye hakulipwa kwa kurasa.

Basi na mimi nikasimama kipindi cha vijana nikasema, ile "soma tu" naifuta, niliisema bila kusoma. Sikuwanyang'anya kopi, walizinunua. Niliwaambia nyumba ya imani yako usiijengee hapo, na ukitaka kusoma soma na mwenzako mkubwa, na mtu asihukumiwe wanja kwa kitabu ambacho hata hamuwezi kunionyesha nani kakiandika. Dogo alinuna kidogo, akauliza tena habari ya Yuda, nikampa jibu langu refu, hakuridhika sana. Hata mimi siridhiki sana.

Juzi yule mama wa sauti ya pili akaja dukani, wanja uleule, tena nahisi umeongezeka.

"Ndaga baba. Kale kakitabu bado unako kwenye kompyuta?"

Nikashtuka, nikamwambia mama na wewe tena?

"Hapana, niprintie ule ukurasa mmoja tu wa Azazeli. Umesema alifundisha na panga, si ndiyo? Huyo kijana kwao wana mapanga matatu, nimeyaona mwenyewe mlangoni. Nataka anisomee kwa sauti mbele ya kwaya."

Nikamprintia. Mia mbili.