Safu Mbili za I-20

Barua ya kukubaliwa niliipata mwezi Machi 2018, na kwa siku mbili nzima niliamini kwamba suala la fedha limekwisha. Ilikuwa nafasi ya shahada ya uzamili ya takwimu katika chuo kikuu kimoja cha Marekani, na aya yake ya pili ilieleza kwamba ningesamehewa karo na kulipwa posho ya dola 14,400 kwa kazi ya msaidizi wa kufundisha. Nilikuwa nimehangaika na maombi tangu mwaka uliotangulia. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hutaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, nami nilikuwa na miezi kumi na minne tu. Chuo kimoja cha Uingereza kilikuwa kimenikubali kwa maneno matamu pasipo kutaja hata senti. Kwa hiyo niliposoma kwamba nimesamehewa karo, sikusoma zaidi. Nilimpigia simu mjomba usiku uleule nikamwambia kila kitu kimelipwa.

Siku ya tatu, ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ilinitumia fomu ya fedha ili waniandalie I-20, hati ambayo mwanafunzi wa kigeni asipokuwa nayo hawezi kuomba viza ya F-1. Hati hiyo ina safu mbili zinazotazamana. Upande mmoja huandikwa makadirio ya gharama za masomo na maisha, na upande wa pili huandikwa fedha zitakakotoka: mfukoni mwa mwanafunzi, chuoni kwenyewe, au kwa mtu mwingine. Chuo hakitoi hati mpaka safu ya pili iifikie ya kwanza, na afisa wa ubalozi naye huiangalia siku ya usaili.

Nilichukua karatasi nikaanza kujumlisha. Karo ilikuwa imefutwa, ndiyo, lakini ada nyinginezo hazikufutwa, wala bima ya afya, ambayo chuo kiliilazimisha kwa kila mwanafunzi wa kigeni. Hizo mbili zilifika dola 3,400. Gharama za maisha zilikadiriwa kuwa 18,200 kwa miezi kumi na miwili, ilhali posho ilikuwa ya miezi tisa, 1,600 kila mwezi, kwa kuwa wakati wa kiangazi hakuna madarasa ya kufundisha. Nilirudia hesabu mara tatu, mara ya mwisho kwa kikokotoo, na mara zote pengo lilitoka dola 7,200. Mwombaji wa shahada ya takwimu alikuwa ameshindwa kutofautisha tisa na kumi na mbili.

Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa kwamba nitatafuta kibarua nikishafika. Nilisoma masharti, nikalitupa. Mwenye viza ya F-1 haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na usaidizi wangu wa kufundisha ulikuwa wa saa 20 kamili. Kazi ya nje ya chuo, katika mwaka wa kwanza, haiguswi.

Mjomba alikuja Jumapili. Nilimfungulia barua ile nikamweleza upya, safari hii pamoja na yale ambayo sikuyasoma. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa mjomba, hawa watu wanakulipa au unawalipa?" Nilimjibu kwamba wananilipa, ila si kwa mwaka mzima. Hakucheka, na mimi nilitamani angecheka.

Jioni ile nilimwandikia barua pepe mratibu wa masomo ya uzamili wa idara. Niliiandika kwa aibu, nikiogopa kwamba anayelalamikia zawadi hunyang'anywa. Leo naona hofu ile ilikuwa ya bure, kwa sababu vyuo vingi vya kule vimekubaliana kutomlazimisha mwombaji ajibu ahadi ya ufadhili kabla ya tarehe 15 Aprili, na kipindi hicho ndicho cha kuuliza maswali. Sikuomba waniongezee, niliweka hesabu yangu mstari kwa mstari, nikauliza kama kuna kazi yoyote ya kiangazi inayoweza kuahidiwa kwa maandishi. Alijibu baada ya siku nne. Ada haziwezi kufutwa, alisema, lakini mhadhiri mmoja alihitaji mtu wa kumsafishia data kwa miezi miwili kwa kiwango kilekile cha posho, na barua yake ingehesabiwa kama fedha za chuo.

Zilibaki dola 4,000. Mjomba alikwenda benki mwenyewe, akarudi na taarifa ya akaunti iliyogongwa muhuri, akatia saini fomu ya mdhamini kwa herufi kubwa kama anayesaini hati ya kiwanja. Nilijibu chuo tarehe 13 Aprili.

I-20 ilipofika, nilimpelekea aione. Aliifuata safu ya pili kwa kidole mpaka kwenye 4,000, akatafuta jina lake, akakuta pameandikwa "familia" tu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kilichobaki ni nini. Nikamtajia ada ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, wakati ule dola 200, na ya viza, dola 160, zote zinalipwa kabla ya usaili.

"Na hizo zimo humu kwenye elfu nne?"

"Hazimo, mjomba."

Alivua miwani, akaipangusa kwa upindo wa shati, akaivaa tena na kuanza kuisoma ile hati kutoka juu.