Walipokwisha kula

Shalom wapendwa, tafakari ya wiki hii nimeitoa kwa kocha wa kikapu, msinishangae. Wanaofuatilia NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, wanamjua Gregg Popovich wa San Antonio Spurs, kaanza kuwafundisha Desemba 1996 akaachia ngazi Mei 2025, ubingwa mara tano, mechi za msimu alizoshinda ni zaidi ya 1,300 na hakuna kocha wa NBA aliyeshinda nyingi kama yeye. Mzee mkali huyo, mwandishi anauliza swali refuuu yeye anajibu neno moja basi.

Ila kilichonigusa mimi sio makombe, ni usiku aliofungwa. Juni 2013, fainali na Miami Heat, mechi ya sita, kwao Miami. Bingwa ni anayefikisha mechi nne, Spurs wanaongoza 3-2, yani wakishinda hii wamemaliza, na zimebaki sekunde 28 wako mbele pointi tano, watu wa uwanja wameshaanza kuleta kamba za njano za kuzungushia watu wakati wa kukabidhi kombe. Jamani mambo yakageuka, LeBron wa Heat katupia ya pointi tatu, halafu mwenzake Ray Allen akarudi nyuma mpaka kwenye kona akatupia nyingine zimebaki kama sekunde tano, sare, muda wa nyongeza Spurs wakalala 103-100.

Sasa kuna mgahawa walikuwa wameshauwekea oda, chakula cha sherehe kile. Mwingine angefuta, kila mtu akajifungie chumbani hotelini. Popovich akasema twendeni wote, akatangulia yeye kupanga meza wakae pamoja, na wachezaji walipofika akawa anapita kwa mmoja mmoja. Mechi ya saba wakafungwa tena, kwa hiyo tusidanganyane kwamba msosi ulileta ushindi (mwaka uliofuata ndio wakawachapa Heat walewale 4-1).

Nikakumbuka Yohana 21. Wanafunzi hawa ni watu waliomkimbia Bwana alipokamatwa, na Petro alimkana huku anaota moto wa makaa, Yoh 18:18. Wamevua usiku kucha hola. Asubuhi wanashuka pwani wanakuta moto wa makaa tena, samaki juu yake, na mkate, na Bwana anawaambia "Njoni mfungue kinywa". Habari ya kukimbia hajaigusa. Swali la kumuuliza Petro kama anampenda lipo, tena mara tatu na lilimhuzunisha, ila angalieni mstari wa 15 unavyoanza, "Basi walipokwisha kula".

Sisi je? Mtu akianguka kwetu kinatangulia kikao. Kijana kafeli fomu foo hajaweka hata begi chini ameshaulizwa, dada kapotea ibadani miezi akirudi anapokelewa mlangoni na "ulikuwa wapi siku zote hizo", kwa sauti ya kusikika mpaka kwaya.

Tusome Yohana 21 yote wiki hii. Na Jumapili baada ya ibada kuna chai, kila mmoja amwambie yule ndugu aliyeacha kuja, akija tumwekee kikombe na andazi na tumwache ale.