Mlezi wa utafiti yuko Boston, mafaili yako Dodoma

Swali nililompelekea kwanza profesa wa saratani aliyekubali kunilea kiutafiti kutoka Boston lilikuwa pana mno: kwa nini wanawake wa kanda ya kati huchelewa kutibiwa saratani ya mlango wa kizazi? Halipimiki. Lililobaki baada ya miezi miwili ni hili: zinapita siku ngapi tangu mgonjwa achukuliwe kinyama cha kupima (biopsi) hadi siku ya kwanza ya mionzi, kwa wagonjwa tuliowapa rufaa kutoka Dodoma kwenda taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Mafaili ndiyo yaliyolipunguza. Kabla ya kuandika andiko, nilivuta mafaili 20 masijala nikajaza dodoso kwa penseli. Tarehe ya dalili ya kwanza ilikosekana mara nyingi, nikaifuta. Majibu ya patholojia nayo yana tarehe tatu: ya kuchukua kinyama, ya maabara kukipokea, na ya kutoa majibu. Ukizichanganya, siku ambazo kinyama kilikaa njiani zitahesabika kama uzembe wa mgonjwa. Mlezi aliye mbali hawezi kuliona hili mpaka umwambie.

Yeye naye aliona nisichokiona. Tarehe ya kuanza mionzi nilikuwa naitoa kwenye barua ambayo mgonjwa hurudi nayo. Aliuliza: asiye na barua yuko wapi? Huenda hakuwahi kusafiri, huenda amefariki. Nikimwacha nje, wastani wa siku utapendeza kuliko hali halisi. Basi tukaongeza kipimo cha pili: sehemu ya wagonjwa wasio na ushahidi wowote wa kuanza mionzi.

Hicho ndicho kilichoamua ukubwa wa sampuli. Kwa makadirio kwamba asilimia 50 hawana ushahidi huo, na kosa la asilimia 5 juu au chini, unahitaji watu 385, na sisi hatukuwa nao. Kwa kosa la asilimia 10, ni 97. Nilitarajia asilimia 15 ya mafaili yapotee au yawe na mapengo, kwa hiyo nikagawanya 97 kwa 0.85, nikapata 115. Wengi huzidisha kwa 1.15 na kupata 112, na hapo wanapungukiwa.

Tarehe ziandike 2024-07-03, mwaka kwanza. Sisi tukiandika 03/07 tunamaanisha tarehe 3 Julai. Mmarekani anasoma Machi 7, na kompyuta yenye mpangilio wa Kimarekani inakubali kimyakimya. Dalili yake ni siku hasi: mionzi kabla ya kinyama.

Kibali cha kamati ya maadili kikitoka, bado unahitaji barua ya uongozi wa hospitali ili uingie masijala. Omba vyote mapema. Kupeleka nje ya nchi data za mgonjwa mmoja mmoja kunadai mkataba wa kuhamisha data, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakubana. Nilichambua hapahapa Dodoma, nikamtumia majedwali ya jumla tu, na kisanduku cha jedwali chenye watu chini ya 5 nikakificha.

Vikao vilikuwa saa 10 jioni kila wiki ya pili. Boston huwa saa 2 asubuhi, ila kati ya Machi na Novemba wanasogeza saa mbele na kwao inakuwa saa 3, kwa hiyo kila mwaliko niliuandika kwa saa za pande zote mbili. Siku mbili kabla nilituma ukurasa mmoja: nimefanya nini, nimekwama wapi, uamuzi gani nauhitaji. Ukiomba "ushauri wowote" utapewa maneno ya jumla. Na sisi tuliolelewa kutompinga mkubwa tuna mtihani hapa: ukiitikia "ndiyo, Profesa" kwa jambo ambalo wadi yako haiwezi, mwezi mzima umepotea. Nilizoea kuandika: hili haliwezekani kwa sababu hii, badala yake naweza hili.

Mpangilio wa majina ya waandishi tuliuandika kabla ya uchambuzi, mlezi wangu wa hapa nyumbani akiwemo, kwa vigezo vinne vya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya kitabibu: kuchangia kazi, kuandika au kuhakiki, kuidhinisha nakala ya mwisho, na kuwajibika. Mhudumu wa masijala aliyenivutia mafaili hayo 115 yumo kwenye shukrani, na ruhusa yake niliiomba kwa maandishi.