Ijumaa ya Vioo

Asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1998, saa nne na nusu hivi, nilikuwa zamu katika chumba cha majeruhi cha hospitali moja ya umma jijini Nairobi. Mshindo tuliusikia, lakini hakuna aliyetupigia simu. Kwamba bomu lilikuwa limelipuka kwenye Ubalozi wa Marekani tuliambiwa na majeruhi wenyewe, walipoanza kushushwa mlangoni kutoka kwenye matatu, pikapu na magari ya wapita njia.

Waliotangulia kufika ni wale walioweza kutembea. Ndivyo ilivyo katika maafa ya namna hii: mwenye jeraha dogo huwahi, kwa kuwa hahitaji kufukuliwa wala kubebwa, na akiwahi hukalia kitanda ambacho muda si mrefu kitahitajiwa na mtu anayevuja damu tumboni. Walipofika waliotolewa kwenye kifusi cha Jumba la Ufundi, lililokuwa limeporomoka, vitanda vyetu vilikuwa vimejaa, tukawalaza sakafuni. Muuguzi mkuu wa zamu akashika kalamu ya wino mzito, akapita kati yao akiwaandika alama kwenye paji la uso: huyu upasuaji sasa, huyu angoje. “Mwanangu, unaweza kusimama? Basi mpishe mwenzako,” aliwaambia, nao walimtii. Kazi hiyo ya kuwachuja wagonjwa ilipaswa kuanzia barabarani, kabla hawajapakiwa garini, lakini kule hapakuwa na mtu aliyepewa jukumu hilo.

Majeraha ya macho yalikuwa mengi mno. Watu waliposikia mlipuko mdogo wa kwanza walikimbilia madirishani kutazama, na bomu lenyewe lilipolipuka, vioo viliwaingia usoni. Kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika jengo la Co-operative Bank alitulia kabisa nikimtoa vipande kwa koleo na kuviweka kwenye bakuli la chuma. Muda wote huo alinitajia majina ya wenzake wa ofisini, mmoja baada ya mwingine, akinisihi niyaandike ili watafutwe.

Kufikia alasiri, foleni ya waliokuja kutoa damu ilizunguka jengo letu. Wakati huo kila hospitali ilijitafutia damu yake, aghalabu kwa ndugu za mgonjwa. Siku ile watu walijitolea kupita kiasi. Tulichopungukiwa ni mifuko, vifaa vya kupimia virusi vya UKIMWI, na wataalamu wa maabara. Wengi tuliwarudisha nyumbani, jambo linaloniuma hadi leo, maana wadini mlikuwa na watu wakiihitaji damu hiyohiyo.

Nairobi ilipoteza watu 213, na maelfu walijeruhiwa. Kutokana na msiba huo, Kenya iliunda huduma ya taifa ya damu salama, yenye vituo mikoani, kwa msaada wa Marekani, nami kwa mara ya kwanza nikaona damu iliyokwisha kupimwa ikifika wadini bila mgonjwa kutafutiwa ndugu.