Mafumbo ya hesabu: anzeni na risiti ya LUKU, eksi itajileta

Nafundisha twisheni ya jioni hapa mtaani, wengi ni vijana wa fomu wani na fomu tuu, na kuna kitu nakiona kila mwaka: ukimpa dogo 3x + 5 = 20 anaimaliza hata chaki hujaiweka chini, ila mpe hesabu hiyohiyo kwa maneno, mistari minne tu, anaganda. Au anakusanya namba zote alizoziona anajumlisha halafu anakuangalia usoni aone kama kapatia 😂. Na tusisahau hawa darasa la saba walisoma hesabu kwa Kiswahili, wakifika sekondari fumbo linakuja kwa Kiingereza, kwa hiyo mtoto anapigana vita mbili kwa wakati mmoja. Ndo maana mi mafumbo ya mwanzo nayatoa kwa Kiswahili kabisa, Kiingereza tutakikuta mbele.

Na fumbo la kwanza ni LUKU, ule umeme wa kulipia kabla. Kila mtoto ashatumwa kuingiza tokeni kwenye mita, na kila mtaa una mtu anayelalamika eti elfu kumi ya wiki iliyopita ilitoa uniti chache halafu elfu kumi ya leo imetoa nyingi, inakuwaje? Haya, tuyaandike hayo malalamiko kihesabu.

Chukua mteja wa kawaida, yule wa kundi la bei linaloitwa T1. Bei ya uniti ni shilingi 292, juu yake kuna VAT asilimia 18, REA (wale wa umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (wadhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, jumla 22, kwa hiyo uniti moja inakufikia kwa 356.24. Halafu kuna kodi ya jengo, ilianza kukatwa kwenye LUKU 2021 ikiwa buku kwa mwezi, baadae ikapanda ikawa 1,500. Hii inakatwa mara moja kwa mwezi, ukinunua mara ya kwanza, haijalishi umeweka elfu tano au laki.

Hapo nawauliza swali moja tu na sitaki kusikia jingine: kipi kinaongezeka kila uniti ikiongezeka, na kipi kimekaa palepale? Wakishajibu hilo mlinganyo umeisha wenyewe. Hela tuite H, uniti tuite u:

H = 356.24u + 1,500

Weka elfu kumi. Toa 1,500 inabaki 8,500, gawanya kwa 356.24 unapata uniti 23.86. Ukirudi kununua mwezi huohuo ile 1,500 haipo tena, elfu kumi nzima inaingia kwenye umeme, unapata 28.07. Mlalamikaji wetu kajibiwa na hakuna aliyemwibia.

Ila ninachokipenda zaidi ni kuwageuzia. Nafuta bei, nafuta kodi, nawaambia mna risiti mbili tu za watu wawili tofauti, wote wamenunua mara ya kwanza mwezi huu: mmoja kaweka 10,000 kapata 23.86, mwingine kaweka 20,000 kapata 51.93. Tafuteni bei ya uniti na makato. Mwanzoni wanasema haiwezekani. Lakini angalia, hela zimezidiana 10,000 na uniti zimezidiana 28.07, yale makato wote wamekatwa kwa hiyo yamejifuta yenyewe, gawanya unapata 356 na pointi. Rudi kwenye risiti ya kwanza, 23.86 mara bei hiyo ni kama 8,500, sasa ile 1,500 nyingine imeenda wapi? Hapo darasa linalipuka bana, maana mtoto kagundua kodi ya jengo bila kuambiwa na mtu.

Sasa kuna wale walimu wanaofundisha kukariri maneno: ukiona "zaidi" jumlisha, ukiona "mara" zidisha. Mi siwaelewi kwa kweli. Mwambie mtoto "Asha ana shilingi 500 zaidi ya Juma" uone atakavyoandika A + 500 = J, yaani kampa mia tano yule ambaye tayari anazo! Na wakubwa pia wanaanguka humo, kuna utafiti wa Marekani wa 1981, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi waliambiwa chuoni wanafunzi ni mara sita ya maprofesa, waandike kwa S (wanafunzi) na P (maprofesa), zaidi ya theluthi wakakosa, na kosa lililojirudia sana ni 6S = P. Wahandisi hao! Dawa yake ni kujaribisha namba: maprofesa wakiwa 10 wanafunzi ni 60, weka uone kama inakaa. Sekunde tano tu, ila watu wavivu.

Sasa wale wa D1, watumiaji wadogo, kwao mstari wa grafu unavunjika katikati. Uniti 75 za kwanza za mwezi ni 100 kila moja, ukiweka ile asilimia 22 inakuwa 122, ukivuka hapo kila uniti ya juu inaruka hadi 350, na ile asilimia 22 inakuwa 427. Kwa hiyo kodi ya jengo tukiiweka pembeni, mtu aliyevuka 75 analipa 9,150 + 427(u − 75), wala si 427u kama vijana wengi wanavyokimbilia kuandika.

Haya la kwenu: nyumba ya T1 imekaa miezi mitatu bila kununua umeme, deni la kodi ya jengo likajikusanya la miezi yote hiyo mitatu, leo wameweka 15,000. Wamepata uniti ngapi? Andikeni mlinganyo kwanza, atakayeleta jibu tupu simsahihishii.