Na Bibi Mwenyewe Je?

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wiki hii usingizi umenipaa, na sababu ni karatasi moja. Jumatano tulimzika bibi yetu, mzee kuliko wote katika kanisa letu hapa Mpwapwa, binti wa mmoja wa watu wa kwanza kubatizwa kijijini kwao. Familia iliniomba niandike wasifu wa marehemu. Niliuandika usiku, kwa haraka, masufuria ya msibani yakiwa bado mekoni. Nikaeleza jinsi baba yake alivyoacha matambiko na kutoa kiwanja cha kanisa. Nikamweleza mumewe, mwinjilisti, na vituo vyote alivyotumika. Nikataja watoto na kazi zao. Yeye mwenyewe nilimpa mistari mitatu: alizaliwa, aliolewa, aliugua.

Nilipomaliza kuusoma chini ya turubai, mjukuu wake wa darasa la sita alinifuata nyuma ya umati, akanivuta kitenge. "Mama Mchungaji, na bibi mwenyewe je?"

Nilikosa jibu. Na si kwamba nilikuwa sijui! Kila Jumamosi yule bibi alifagia kanisa peke yake. Alinyunyizia maji kwa kopo kwanza, vumbi litulie, kisha akainama na ufagio wake wa chelewa, akianzia benchi la nyuma. Kila benchi alilofika aliwataja kwa majina wanaokaa pale, akawaombea, akasogea lingine. Mwaka ule nilipopoteza mimba, nikawa siwezi kuomba hata sentensi moja, nilipita nje ya dirisha nikasikia jina langu. Alilirudia mara tatu. Mimi niliyesimamishwa na maombi yale ndiye niliyeyaacha nje ya wasifu. Mungu anisamehe.

Nikarudi kwa Luka 2, kwa Ana binti Fanueli wa kabila la Asheri. Tunaisoma kila Krismasi, lakini safari hii ilinichoma. Fanueli alifanya nini? Hatujui hata kimoja. Jina lake limebaki kwa sababu ya binti yake. Mimi nilimwandika binti kwa ajili ya baba. Luka amemwandika baba kwa ajili ya binti. Tena akahesabu na miaka yake: saba na mumewe, kisha ujane mpaka themanini na minne, hekaluni, usiku na mchana.

Siku hizi nimekuwa nikisoma habari za Elizabeth Price, waliyemwita Bessie. Wazazi wake ni Robert na Mary Moffat walioijenga misheni ya Kuruman, Afrika Kusini. Ndiye Moffat aliyeitafsiri Biblia nzima kwa Kitswana, akaimaliza 1857. Dada yake mkubwa aliolewa na Livingstone. Ukizaliwa nyumba kama hiyo, jina lako linamezwa kabla hujajua kutembea. Bessie alizaliwa melini mwaka 1839, na siku zile zile kaka yake James, wa miaka sita, akafa kwa surua. Mama yao alikuwa na mtoto mchanga kifuani na maiti ya mwingine kando yake.

Mwaka 1861 Bessie aliolewa na Roger Price, mgane aliyerudi kutoka Linyanti, kusini mwa Afrika, kwa Wamakololo, ambako kundi lao la wamisionari liliangamia kwa miezi michache. Roger alikuwa amemzika mtoto wake, na mke wake wa kwanza akamfia njiani wakirudi. Na Roger huyu alifika hapa kwetu! Mwaka 1876 alitoka Saadani na maksai mpaka Mpwapwa, akitafuta njia ya magari ya kukokotwa kuelekea Ziwa Tanganyika. Mwaka uliofuata maksai walikufa kwa mbung'o na mpango ukavunjika. Tukisimulia safari ile tunamtaja Roger na ng'ombe wake. Bessie hatumtaji.

Lakini Bessie alikuwa akiandika. Akiwa Shoshong, kisha Molepolole kwa mfalme Sechele, katika Botswana ya leo, aliandika barua na kumbukumbu za nyumba yake, watoto wake na majirani. Roger alifariki 1900, naye akaishi miaka 19 ya ujane, mpaka 1919, akiwa na miaka kama 80. Maandishi yake yalichapishwa kitabu mwaka 1956. Nashukuru kwamba hakusubiri mtu kama mimi amwandikie wasifu.

Sasa niseme na ninyi akina mama, na nisemalo nalisema kwa upendo. Tukiulizwa tulifanya nini maishani tunajibu, "Mimi nilikuwa nyumbani tu." Hilo "tu" nalikemea kwa jina la Yesu! Nani alikuwa macho mtoto alipochemka homa usiku? Nani alipika chakula cha wageni wa semina, akala ukoko? Nani aliomba mpaka mlevi wa nyumba akarudi kundini? Zaburi 92 inasema watazaa matunda hata wakati wa uzee, watajaa utomvu, watakuwa na ubichi. Mti hauweki "tu" kwenye tunda lake. Na ninyi wazee wa kanisa, mnaosoma orodha za waanzilishi kila sikukuu ya mavuno, binti za hao waanzilishi wako hai, wamekaa benchi la nyuma, na hakuna anayewauliza neno.

Jumamosi hii mchana nakwenda kwa bibi mwingine, naye wa ukoo wa waamini wa kwanza, macho yamefifia lakini akili inawaka. Nachukua daftari na sukari kilo moja. Anayeweza tufuatane. Tusimuulize kwanza habari za marehemu mumewe.

Na Jumapili mchungaji amenipa dakika tano niusome upya wasifu wa bibi yetu. Yule mjukuu atasimama karibu nami. Unaanza hivi: "Kila Jumamosi alifagia kanisa, akianzia benchi la nyuma."