Bastola niliyoirudisha dukani

Bastola yangu ililala nyumbani usiku mmoja tu. Kesho yake niliirudisha dukani, wakanikata pesa, nikakubali. Wanaonijua wameniuliza sana kwa nini, na siwezi kueleza bila kumtaja mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Nimemwomba ruhusa. Akasema, "Andika dada, ila jina langu liache."

Nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Arlington, Texas. Zamu yangu inaisha saa tano usiku. Desemba ile mwenzetu mmoja aliporwa mkoba kwenye maegesho na kupigwa mpaka akang'oka jino. Tangu hapo nikawa naenda kwenye gari nimebana funguo katikati ya vidole. Mimi mtoto wa Ngamiani, Tanga. Bunduki nilizoea kuiona begani kwa askari, tena nikiwa ng'ambo ya barabara. Lakini hapa kila niliyemweleza hofu yangu alinijibu neno lile lile: nunua. Tangu Septemba 2021 Texas haikudai hata kibali cha kutembea na bastola, mradi umetimiza miaka 21 na huna kizuizi cha kisheria.

Basi Januari 2025 nikaenda. Dukani nikapewa Fomu 4473, ile ya serikali anayojaza mnunuzi wa bunduki, nikaisoma taratibu kama ninavyosoma makaratasi yote ya nchi hii. Inauliza kama umewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa, wanaloliita feloni, au kosa lolote ambalo jaji angeweza kukufunga zaidi ya mwaka mmoja, hata kama alikupa adhabu nyepesi. Inauliza pia kuhusu kosa dogo la kumpiga mke, mume au mtu wa nyumbani, maana tangu 1996 hilo nalo linakunyima silaha, hata ukiwa polisi au mwanajeshi. Kudanganya kwenye fomu hiyo ni kosa jingine, nalo lina jela yake. Kwangu yote yalikuwa hapana. Muuzaji akapeleka taarifa zangu kwenye mfumo wa ukaguzi wa FBI, na kabla sijaipata kadi ya benki kwenye mkoba, jibu likawa limerudi: aendelee.

Hakuna swali hata moja lililouliza naishi na nani.

Naishi na mdogo wangu. Mwaka 2016, akiwa na miaka 22, alikamatwa na kokeini isiyofika gramu moja. Kwa Texas hiyo ni feloni ya ngazi ya chini kabisa, kifungo chake hakizidi miaka 2. Wakili aliyepewa na mahakama alimwambia akikiri atalala nyumbani siku hiyo hiyo. Akakiri. Jaji akampa miaka 3 ya kifungo cha nje. Nilikuwa benchi la nyuma, nikasema alhamdulillahi kwa sauti mpaka askari wa mahakama akageuka kunitazama. Shughuli yote haikuzidi muda wa kunywa kikombe cha chai. Kama kuna aliyetamka neno silaha, mimi sikulisikia, naye anaapa hakulisikia. Nashukuru tu kwamba alishapata uraia kupitia kwa mama akiwa mtoto. Angekuwa na green card peke yake, kesi ile ingeweza kumrudisha Tanzania.

Alimaliza adhabu 2019 bila kukosa siku hata moja ya kuripoti. Novemba 2020 alipiga kura, maana Texas ukimaliza adhabu yako unarudishiwa kura. Siku hizi ni fundi wa viyoyozi na ana gari lake la kazi. Ukimwona hutawaza kokeini.

Niliporudi na lile boksi alifurahi kuliko mimi. Wenzake kazini walikuwa wameshamhesabia: miaka mitano tangu amalize kifungo cha nje imetimia 2024, kwa hiyo sasa anaruhusiwa kuwa na bunduki nyumbani kwake. Akataka Jumamosi twende wote uwanja wa shabaha anifundishe kulenga, yeye ambaye hajawahi kushika bastola maishani mwake. Nikaiweka kwenye droo ya jikoni, chini ya vitambaa.

Sikupata usingizi. Lile swali la fomu lilinirudia: *jaji angeweza kukufunga*. Asubuhi nikampigia mama mmoja wakili ambaye tunafahamiana. Nilipomaliza kumweleza aliuliza jambo moja tu.

"Sasa hivi hiyo bastola iko wapi?"

"Kwenye droo ya jikoni."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Naye yuko wapi?"

Alikuwa hapo hapo jikoni, anakaanga mayai.

Nilichoelezwa asubuhi ile natamani kila Mswahili wa huku akisikie. Wale wenzake hawakumdanganya. Sheria ya jimbo la Texas kweli inamruhusu mtu kama yeye, baada ya miaka mitano, kuwa na bunduki mahali anapoishi, na hapo tu. Lakini juu yake iko sheria ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani, ya mwaka 1968, na hiyo haina miaka mitano. Haiangalii ulifungwa siku ngapi, inaangalia ungeweza kufungwa muda gani. Mdogo wangu hakutumikia jela hata mwezi, ila adhabu ya juu ilikuwa miaka 2, basi amezuiwa maisha. Texas inaweza kumwacha, na serikali kuu ikamshtaki kwa bunduki ile ile. Tangu 2022 adhabu yake inafika miaka 15.

Tena si lazima bunduki iwe yake. Hata kushika ya kukodi kwenye uwanja wa shabaha kunahesabiwa ni kuwa na silaha. Risasi peke yake zinatosha. Kitu kikiwa ndani ya nyumba mahali anapojua na anapofikia, mwendesha mashtaka anaweza kudai kilikuwa mikononi mwake. Wakili alisema ningeweza kununua sefu yenye namba ninayoijua mimi tu. Nikajiona siku polisi wameingia, nabishana nao nani anaijua namba. Nikachukua funguo za gari nikaenda dukani.

Shemeji alipopata habari akaingiwa hofu kwa ajili ya mjomba, mwenye green card, aliyewahi kufungwa Tanga kwa gongo miaka ya nyuma. Hilo wakili alilimaliza haraka: Mahakama Kuu ya Marekani iliamua 2005, katika kesi ya Gary Small aliyekuwa amefungwa Japani, kwamba hukumu za mahakama za nje hazihesabiwi kwenye katazo hili la silaha. Gongo la Tanga limebaki Tanga.

Sitetei kila mtu. Zackey Rahimi, ambaye kesi yake ilifika Mahakama Kuu mwaka 2024, alimburuta mpenzi wake kwenye maegesho ya hapa hapa Arlington. Majaji wanane kati ya tisa walisema mtu aliyewekewa zuio na mahakama kwa kutishia mwenzake anaweza kunyang'anywa silaha. Mimi ningekuwa wa tisa kukubali. Mkono uliozoea kupiga nyumbani usipewe bastola. Lakini kuna Bryan Range wa Pennsylvania, ambaye 1995 alikiri kudanganya kwenye fomu ya msaada wa chakula. Kwa jina kosa lilikuwa dogo, ila lingeweza kumfunga miaka 5, naye akakataliwa bunduki. Mahakama ya rufaa ya kwao ikampa haki 2023, ikarudia hivyo hivyo Desemba 2024. Texas iko chini ya mahakama nyingine ya rufaa, kwa hiyo ushindi wake haumfikii mdogo wangu. Hawa wawili kuwekwa kapu moja na Rahimi kunaniuma, na sitaacha kusema.

Njia alizoonyeshwa ni msamaha kamili wa gavana, au kuomba serikali kuu imwondolee katazo la silaha. Hiyo ya pili Bunge lilikuwa limeinyima fedha tangu 1992, na Wizara ya Sheria ilianza kuifufua 2025. Anakusanya nakala za hukumu kwenye bahasha. Anasema bunduki yenyewe haimsumbui. Anachotaka ni ile karatasi ya 2016 iache kumtangulia kila aendako.

Na maegesho sasa si tatizo langu tena. Kila saa tano kasoro dakika kumi gari lenye ngazi juu linasimama mlangoni, taa zinawaka, yeye ndani amejifunika koti. Saa kumi na moja alfajiri anatakiwa awe macho kwa kazi yake. Nimemwambia mara ngapi asije, niombe lifti kwa wenzangu. Anasema, "Panda dada, baridi."